Uendeshaji wa Magurudumu ya Nyuma au Magurudumu Yote katika Majira ya Baridi: Suala la Kuondoka na Suala la Kusimama

1. Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya semina ya usalama barabarani inayowalenga madereva wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia maeneo ya theluji ya Marekani na Kanada, ambao wengi wao walijifunza udereva mashariki ya Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya. Swali lililoulizwa na waandaaji ni kama mnunuzi wa gari achague lile linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma au lile linaloendeshwa kwa magurudumu yote. Mada inalijibu swali hilo, lakini inatumia nafasi kubwa zaidi kueleza jambo ambalo kila majira ya baridi husahauliwa na wanunuzi, nalo ni matairi. Haipendekezi chapa yoyote, na pale inapotofautiana na kitabu cha mtengenezaji wa gari au sheria ya jimbo husika, hivyo viwili ndivyo vya kufuatwa.

2. Ufafanuzi wa istilahi

Gari la magurudumu ya nyuma ni lile ambalo nguvu ya injini hupelekwa kwenye ekseli ya nyuma peke yake, huku magurudumu ya mbele yakibaki na kazi ya kukata kona. Gari la magurudumu yote ni lile ambalo nguvu hugawanywa mbele na nyuma bila dereva kufanya lolote, ama wakati wote ama pale kompyuta ya gari inapohisi kwamba gurudumu fulani linazunguka bure. Lisichanganywe na gari la foo-wili la kizamani, ambalo dereva mwenyewe huiunganisha ekseli ya mbele kwa kutumia mkono wa gia au swichi, na ambalo kwa kawaida halipaswi kuendeshwa likiwa limeunganishwa hivyo kwenye lami kavu. Magari mengi madogo huendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Hayo siyo kiini cha mada, ingawa hoja ya matairi inayahusu vilevile.

3. Ulinganisho kwa ufupi

Gari la magurudumu yote lina faida ya kweli katika kuondoka. Palipo na theluji nzito, mlima au maegesho ambayo hayajakwanguliwa, nguvu inayogawanywa kwa matairi manne huhitaji msuguano mdogo kwa kila tairi, kwa hiyo gari hutoka mahali ambapo lile la magurudumu ya nyuma lingebaki likizungusha tairi. Gharama zake nazo ni za kweli, kwa kuwa gari huwa zito zaidi, hunywa mafuta zaidi, na huwa na difu, shafti na kiunganishi vinavyohitaji matunzo. Mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kujua pia kwamba mfumo huo hautaki matairi yenye vipenyo tofauti, kwa sababu tairi jipya likiwekwa pamoja na matatu yaliyochakaa huzunguka kwa kasi tofauti na mengine, na tofauti hiyo huweza kuchosha na hata kuharibu kiunganishi.

Gari la magurudumu ya nyuma ni jepesi na rahisi zaidi kutengeneza, na usukani wake hauvurugwi na nguvu ya injini. Udhaifu wake hutegemea mahali uzito ulipo. Likiwa na injini mbele na nyuma pakiwa patupu, kama ilivyo kwa pikapu isiyo na mzigo, matairi ya nyuma hukosa uzito wa kuyakandamiza, na dereva akikanyaga mafuta kwa pupa, au akishusha gia ghafla kwenye mteremko, mkia huserereka. Mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti, ambao nchini Marekani ni wa lazima kwa magari mapya mepesi tangu matoleo ya mwaka 2012, umepunguza hatari hiyo kwa kufunga breki ya gurudumu mojamoja na kupunguza nguvu ya injini kabla mkia haujatoka, lakini hauwezi kuunda msuguano usiokuwepo.

4. Tatizo kuu: kusimama

4.1 Mazoea ya matope

Madereva wengi waliotajwa hapo juu walijifunza thamani ya foo-wili kwenye barabara za udongo wakati wa masika, na somo hilo lilikuwa sahihi kwa mahali pake. Kwenye tope, hatari kubwa ni kukwama, na anayeweza kuvuka amefaulu. Tope lenyewe hulipunguza gari mwendo mara mguu unapotoka kwenye mafuta. Kwenye barafu mambo hugeuka. Gari huondoka bila shida, hushika mwendo, na hatari hujitokeza kwenye taa za barabarani au kwenye kona. Anayehamisha imani ya tope kwenye barafu hununua kinga dhidi ya tatizo dogo na kuliacha kubwa bila kinga. Jambo hili limeelezwa semina baada ya semina, na bado swali la kwanza kwa muuzaji huwa ni kama gari ni foo-wili, huku matairi yakiachwa bila hata kutazamwa.

4.2 Hesabu ya umbali

Kila gari la kisasa hufunga breki kwa magurudumu manne, liwe linaendeshwa kwa mawili au kwa yote. Kwa hiyo mfumo wa uendeshaji hauongezi chochote cha maana katika kusimama; kinachoamua ni msuguano kati ya mpira na barabara. Umbali wa breki hupatikana kwa kugawa mraba wa mwendo (kwa mita kwa sekunde) kwa mara mbili ya zao la kipimo cha msuguano na mchapuko wa uvutano. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, lami kavu yenye kipimo cha 0.7 hutoa umbali wa mita 14 hivi. Theluji iliyoshindiliwa yenye kipimo cha 0.2 hutoa takriban mita 49. Na barafu yenye kipimo cha 0.1 hutoa takriban mita 98, bila kuhesabu mita 14 ambazo gari hupita katika sekunde moja ya dereva kushtuka. Tairi likipandisha kipimo kwenye theluji kutoka 0.2 hadi 0.25 tu, umbali hushuka kutoka mita 49 hadi 39, na mita hizo kumi ndizo upana wa kivuko cha watembea kwa miguu na zaidi. Hakuna difu inayoweza kuleta tofauti hiyo.

Kwenye kona hali ni hiyohiyo, maana tairi lina kiasi kimoja tu cha kushika barabara, ambacho hugawanywa kati ya kuvuta, kufunga breki na kukata kona. Gari la magurudumu yote lina kasoro ya ziada hapa: kwa kuwa linaondoka bila kuteleza, halimwonyi dereva kwamba barabara ni telezi, na yeye huligundua hilo akiwa tayari na mwendo mkubwa.

4.3 Tairi la baridi

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini, na kashata zake, yaani vinundu vya uso wa tairi, huchanwa michirizi myembamba inayong'ata theluji. Alama ya kutafuta ubavuni ni mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, ambayo hutolewa kwa tairi lililofaulu jaribio la theluji. Herufi M+S pekee hazitoshi, kwa kuwa huhusu umbo la kashata bila kudai jaribio hilo.

Sheria hutofautiana. Jimbo la Québec hulazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, bila kujali gari linaendeshwa kwa magurudumu gani. Sweden huyadai kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi pale barabara inapokuwa na hali ya baridi. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, hutambua alama ya mlima peke yake. Hata hivyo majimbo mengi ya Marekani, Minnesota ikiwemo, hayamlazimishi dereva wa gari dogo, na ukimya huo wa sheria umechukuliwa na wengi kuwa ni ruhusa ya kitaalamu. Haupaswi kuchukuliwa hivyo.

5. Mapendekezo

(i) Bajeti ya gari ihesabiwe pamoja na matairi manne ya baridi kabla ya kuamua aina ya uendeshaji.

(ii) Fedha ikitosha kimoja tu, gari linaloendeshwa kwa magurudumu mawili lenye matairi ya baridi lipewe kipaumbele kuliko la magurudumu yote lenye matairi ya kiangazi.

(iii) Gari la magurudumu yote lichaguliwe na anayeishi kwenye milima, au anayetoka kazini usiku kabla barabara hazijakwanguliwa.

(iv) Matairi ya baridi yafungwe yote manne. Kufunga mawili tu huacha ekseli moja ikishika na nyingine ikiteleza.

(v) Gharama isitazamwe kama ya ziada yote, kwa sababu seti ya kiangazi hupumzika na haichakai wakati seti ya baridi inafanya kazi.

(vi) Tairi kipara lisikubaliwe kwa hoja kwamba gari ni foo-wili.

(vii) Upepo wa tairi upimwe kila mwezi, kwa kuwa hushuka baridi inapozidi.

(viii) Mwenye pikapu ya magurudumu ya nyuma aweke mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, akiifunga isisogee na bila kuzidisha uzito ulioruhusiwa.

(ix) Madarajani mwendo upunguzwe mapema, kwani daraja hupoa juu na chini na huganda kabla ya barabara ya kawaida.

(x) Mkia ukiserereka, mguu utoke kwenye mafuta na usukani uelekezwe upande ambao mkia unakwenda.

(xi) Shule za udereva na mashirika yanayowapokea wageni yafundishe kusimama kabla ya kufundisha kuondoka.

(xii) Inarudiwa kwa kusisitiza: matairi kwanza, uendeshaji baadaye.

6. Hitimisho

Magurudumu yote ni bora kuliko ya nyuma katika kuondoka na kupanda, na anayeyahitaji ayanunue. Katika kusimama yako sawa, na hatari kubwa kwenye barafu ni kutoweza kusimama. Kwa hiyo mnunuzi anaombwa kuinama na kusoma ubavu wa tairi kabla ya kuuliza kama gari ni foo-wili.