Mwanafunzi, Mpangaji na Daftari la Mji

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia

Ndugu viongozi wa walei, ndugu wajumbe wa kamati, nanyi vijana wa vyuo mliokaa huko nyuma karibu na mlango,



Mada niliyopewa yahusu makazi ya kupanga, na hasa swali mlilolileta ninyi vijana: je, yafaa wanafunzi wadai mji uwe na daftari la nyumba za kupanga, hali wao wenyewe ni wapita njia tu? Najua baadhi ya wazee wamekwisha kulijibu: mwanafunzi amekuja kusoma, basi asome, apate cheti chake, arudi kwao. Kwa maoni yangu jibu hilo limeshikwa kichwa chini miguu juu. Huko kupita njia kwao ndiko hasa kunakofanya daftari lihitajike.

Msishangae padre kuzungumza habari za vyumba na risiti. Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima mintarafu watu wasio na makazi mnamo Desemba 1987, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya makazi ya wasio na nyumba. Lakini leo sitawasomea hati. Ili tusibishane hewani, nitawaeleza habari za mji mmoja ambako jambo hili limejaribiwa kwa zaidi ya miaka 40, pamoja na mazuri yake na aibu zake. Mji huo ni Berkeley, katika jimbo la California, Marekani.

Berkeley ni mji wa watu zaidi ya 120,000, na ndani yake kimo Chuo Kikuu cha California, kilichoanzishwa mwaka 1868, chenye wanafunzi zaidi ya 40,000. Mabweni ya Chuo hutosha sehemu ndogo tu ya wanafunzi hao. Waliobaki huingia mitaani kutafuta chumba, kila mwaka, katika majuma yale yale machache kabla ya masomo kuanza. Mwenye nyumba anajua kwamba kijana yule hana muda wa kuzunguka, hana mjomba mjini, na wala hajui chumba kile kilipangishwa kwa kiasi gani mwaka uliopita. Tena anajua kuwa mwakani au mwaka wa pili kijana atahama, na atakayemfuata atakuwa mgeni vilevile.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo ulipo mzizi wa mambo yote. Mpangaji aliyekaa katika nyumba moja kwa miaka 20 ana kumbukumbu. Anajua bomba lilipasuka lini na nani aliahidi kulitengeneza. Anajua kodi ilipanda mara ngapi. Akionewa, majirani ni mashahidi wake. Mwanafunzi hana hata moja kati ya hayo. Kila anayeingia hujifunza upya matatizo yaliyomkuta mwenzake, kisha huondoka nayo. Nyumba inabaki, mwenye nyumba anabaki, ila ushahidi unahama na masanduku. Basi ikiwa mpangaji hawezi kukaa na kumbukumbu, ni lazima kumbukumbu hiyo itunzwe mahali pengine, nako ni katika maandishi ya hadhara yasiyohama.

Wanafunzi wa Berkeley waliliona hilo mapema. Mwaka 1970 umoja wa wapangaji wa mji huo uliendesha mgomo wa kulipa kodi, na vijana wa Chuo walikuwamo kwa wingi. Mwaka 1971 Katiba ya Marekani ilirekebishwa, umri wa kupiga kura ukashuka hadi miaka 18. Tangu hapo mwanafunzi mpangaji akawa pia mpiga kura. Juni 1972 wananchi wakapitisha kwa kura sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo haikudumu. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya California iliibatilisha. Mahakama haikusema kwamba mji hauna uwezo wa kudhibiti kodi. Ilisema uwezo huo mji unao, lakini utaratibu uliowekwa ulimlazimu kila mwenye nyumba kungoja shauri la pekee kwa kila chumba, na ucheleweshaji wa namna hiyo ni uonevu kwake. Mimi naiheshimu hukumu hiyo. Ukitaka kumtendea mtu haki, pamoja na mwenye mali, sharti kwanza uwe na maarifa yaliyopangwa vizuri.

Juni 1980 wapiga kura walirudi na sheria nyingine. Safari hii kodi iliyokuwa ikitozwa tarehe 31 Mei 1980 ilifanywa kuwa msingi, ikaundwa Bodi ya kusimamia, na kila mwenye nyumba inayohusika akatakiwa kuiandikisha: anwani yake, kodi yake, na huduma zinazokwenda pamoja na kodi hiyo. Alitakiwa pia kulipa ada kila mwaka. Asiyeandikisha hana ruhusa ya kupandisha kodi. Wenye nyumba wengi walisusia, nao wapiga kura wakaitia sheria nguvu zaidi mwaka 1982. Tangu miaka hiyo ya 1980 wajumbe 9 wa Bodi huchaguliwa na wananchi wenyewe, na wamewahi kuchaguliwa humo wanafunzi na watu waliomaliza masomo yao karibuni.

Ninyi mnalijua daftari la wakazi la mtaa wetu. Mgeni akihamia, huenda kwa mjumbe, jina lake likaandikwa. Ni jambo jema kwa usalama. Lakini angalieni tofauti: daftari letu humwandika mtu, na mtu akihama habari zake zafungwa. Daftari la Berkeley huiandika nyumba. Mpangaji wa kumi anaweza kujua mpangaji wa tisa alikuwa akilipa nini, ingawa hawakuonana kamwe. Siku hizi mtu hutafuta kwa anwani tu, katika kompyuta au simu, akaona kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa chumba kile. Msichana wa miaka 18 aliyewasili jana na begi lake anakuwa na habari ile ile aliyo nayo mwenye nyumba. Hilo si jambo dogo.

Sasa nizungumze na wenye nyumba, maana naona baadhi yenu mnanitazama kwa wasiwasi, na wengi wenu mmejenga vile vyumba vya uani kwa jasho la kweli. Malalamiko ya wenzenu wa Berkeley hayakuwa ya uongo yote. Walisema ada ni mzigo, na wa mwenye vyumba viwili si sawa na wa tajiri mwenye mamia. Walisema mambo ya mkataba wao yanaanikwa mbele ya watu. Walisema pia kwamba kodi iliyozuiwa humfaidia hata mtoto wa tajiri aliyetumwa Chuo na baba mwenye uwezo, huku mwenye nyumba mwenyewe akiwa mjane. Hoja hii ya mwisho ina uzito, wala siwezi kuitupa.

Ila twapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo katika ugomvi huchanganywa daima. Kujua kodi ni kiasi gani ni jambo moja. Kuamuru iwe kiasi gani ni jambo lingine. Mtu aweza kupinga udhibiti wa kodi na bado akaunga mkono daftari. Uskoti ni mfano ulio wazi. Mwaka 1999 wanafunzi wawili walikufa kwa moto huko Glasgow, katika nyumba ya chini ya ardhi ambayo madirisha yake yalikuwa na nondo. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikafanya leseni kuwa ya lazima kwa nyumba wanazopanga watu wengi wasio wa ukoo mmoja, na tangu 2006 kila mwenye nyumba binafsi wa kupangisha lazima ajiandikishe kwa halmashauri yake. Daftari hilo halikuanzishwa ili kupanga bei. Lilianzishwa ili ijulikane nyumba ni ya nani na nani atawajibika.

Hata Berkeley penyewe mambo hayo mawili yalikuja kutengana. Mwaka 1995 jimbo la California lilipitisha sheria inayomruhusu mwenye nyumba kupanga bei mpya kila mpangaji anapohama kwa hiari yake, na tangu Januari 1999 ruhusa hiyo imekuwa kamili. Kwa mpangaji anayekaa miaka mingi ulinzi ulibaki. Kwa mwanafunzi, anayehama karibu kila mwaka, bei huanza upya kila mara. Mngetazamia kwamba wanafunzi sasa wangeliacha daftari, kwa kuwa faida yao ya fedha imepungua sana. Kinyume chake, Novemba 2020 wapiga kura wa mji walikubali lipanuliwe, hata nyumba nyingi ambazo bei zake hazidhibitiwi ziandikwe. Bei yaweza kuwa huru, na mji bado ukataka kujua.

Nimeahidi kutaja na aibu. Novemba 1999, katika nyumba moja ya kupanga ya Berkeley, msichana wa miaka 17 kutoka India alikufa kwa hewa ya sumu, kwa sababu bomba la kutolea moshi wa kipasha joto lilikuwa limeziba. Mwenye nyumba alikuwa mmoja wa wapangishaji wakubwa kabisa wa mji ule. Mji ulikuwa na daftari kwa karibu miaka 20. Daftari lilijua kodi. Halikujua kwamba wasichana waliletwa kutoka ng'ambo kwa udanganyifu na kutumikishwa. Ni wanafunzi wa sekondari, waandishi wa gazeti la shule, waliouliza swali jepesi ambalo watu wazima hawakuuliza: mbona msichana wa umri huu hakuwa akisoma shuleni? Waliandika habari hiyo Desemba 1999. Mwezi uliofuata mwenye nyumba alikamatwa, na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 8.

Tena, tarehe 16 Juni 2015, baada ya saa sita ya usiku, roshani ya ghorofani ilikatika katika jengo la kupanga karibu na Chuo. Vijana 13 walikuwa juu yake katika sherehe ya kuzaliwa ya mwenzao. Walikufa 6, wakaumia 7. Watano kati ya waliokufa walikuwa wanafunzi kutoka Ireland waliokuja kufanya kazi za likizo. Jengo hilo halikuwa kuukuu. Lilikamilika mwaka 2007. Mbao zilizobeba roshani zilikuwa zimeingiwa na maji, zikaoza ndani, huku kwa nje zikionekana nzima. Baada ya msiba huo mji uliamuru roshani na ngazi za nje zikaguliwe, na mwaka 2018 jimbo zima likapitisha sheria ya ukaguzi kila miaka 6 kwa majengo yenye makazi matatu au zaidi.

Nimekaa juu ya misiba hii miwili kwa makusudi, kwa sababu watetezi wa daftari mara nyingine husema kana kwamba karatasi yenyewe itamlinda mtu. Haimlindi. Daftari linaweza kumwambia mkaguzi aende nyumba gani, lakini mkaguzi lazima awepo, alipwe, asihongwe, na apande ngazi. Pasipo hayo tutakuwa na kabati lililojaa mafaili, na ada itakayoishia katika kodi ya mpangaji. Ninyi mnaotaka mji wetu uandikishe nyumba, ulizeni kwanza nani atakayelisoma daftari hilo.

Vijana, mmoja wenu aliniuliza kabla ya mkutano: tutapata nini, maana hadi halmashauri ikubali sisi tutakuwa tumekwisha kuhitimu? Ni kweli. Wengi waliopiga kura Berkeley mwaka 1980 walikuwa wameuacha mji kabla Bodi haijatulia. Walioandikiwa vyumba ni wengine, ambao hawakuwajua.

Kwa upande wa kazi, hamna haja ya kungoja halmashauri. Nyumba zinazopangishwa na wanafunzi wa parokia hii mwazijua. Andikeni kila nyumba, kodi, miezi inayodaiwa mkupuo, amana iliyochukuliwa na kama ilirudishwa, maji, choo, nyaya za umeme. Majina ya wapangaji msiyaandike, wala ya wenye nyumba msiyasome hadharani. Mwenye nyumba apewe kwanza nafasi ya kuyaona yaliyoandikwa juu ya nyumba yake na kuyasahihisha. Kitabu kikae ofisini kwa katibu wa kamati, si chumbani kwa mwanafunzi, maana mwanafunzi atahama. Nimemwomba mwenyekiti wa walei na wenye nyumba watatu waliojitolea wakutane nanyi Jumapili baada ya Misa ya pili, na maswali ya leo tuyapokee sasa.