Kope zikiwa nyeusi, usitupe matone



Leo tunazungumza juu ya matone ya glakoma, ule ugonjwa wenye tunaita tansio ya macho. Mara nyingi hauumi. Unaharibu mshipa wa jicho pole pole, na kuona kulikopotea hakurudi tena. Matone hayaponyeshi, yanapunguza tansio ili kile kinachobaki kisipotee.

Lakini kuna wenye wanaacha dawa juu ya ngozi. Ukitumia latanoprost miezi kadhaa, kope zinaweza kuwa nyeusi, na nywele zake ndefu na nene. Jirani anauliza: "Nani alikupiga ku macho?" Mwengine anasema ni uchawi. Hapana. Dawa inaongeza rangi ya ngozi pale inapogusa. Docta akibadilisha dawa, mara nyingi weusi ule unapungua.

Hatari iko hapa. Mutu akiona weusi, anakimbia ku soko kununua pomade ya kung'arisha. Pomade zingine ziko na kortizoni, kama vile clobetasol. Ukiipaka karibu na macho, inaweza kupandisha tansio ya jicho. Hapo unaharibu mwenyewe kazi ya matone.

Mufanye hivi: nawa mikono, tia tone moja tu, funga jicho, finya kidogo pembe ya karibu na pua dakika 2. Tone likimwangika ku ngozi, panguza mara moja. Latanoprost ni mara moja kwa siku, mangaribi. Itie mbele ya kunawa uso.

Lakini kope zikiwa nyekundu, zikivimba, zikiwasha ao kubanduka, huo si weusi tu: mwili unakataa dawa. Inaweza kutokea na brimonidine ao dorzolamide. Rudi kwa docta upesi, chupa mkononi. Usikate dawa mwenyewe. Hata kama chupa ilitoka Zambia na maandishi ni ya Kiingereza, docta atatambua jina la dawa.

Kwenu wafadhili: chupa ya latanoprost ikifunguliwa, inatumika wiki 4 tu. Kila mwezi inapashwa kupatikana ingine, na docta akibadilisha dawa, franga inaombwa tena. Mutu akikosa franga ile, njo macho yanapotea. Mfuko wetu uwe na nafasi ya chupa hiyo.

Na mwenye glakoma, awaambie ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wapimwe macho.