Dakika Nne au Mwendo wa Saa Nzima: Kupunguza Uzito bila Kupunjwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Buigiri, Wilaya ya Chamwino



Tumekuja kuzungumzia bidhaa isiyofungwa katika mfuko wala kupimwa kwa mizani ya dukani, nayo ni ahadi ya kupungua uzito. Ahadi hiyo siku hizi huuzwa kwa namna mbili. Muuzaji wa kwanza husema: nipe dakika nne tu kwa siku, ruka, chuchumaa, kimbia papo hapo mpaka pumzi ikuishie, na kitambi kitayeyuka. Wa pili husema: kurukaruka ni kwa vijana, njoo utembee juu ya mashine saa nzima, kwani mafuta ya mwilini hayaungui ila kwa mwendo wa pole. Wote wawili hutaka malipo ya mwezi au miezi kabla ya kazi kuanza, na wote wawili hutuonyesha picha mbili za mtu mmoja, mnene na kisha mwembamba.

Tuanze na dakika nne, maana ndizo zinazovuma zaidi kwenye simu zetu. Chimbuko lake ni utafiti wa kweli. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo vijana wa kiume waliozoea michezo walinyonga baiskeli ya mazoezi kwa nguvu zao zote kwa sekunde 20, wakapumzika sekunde 10, wakarudia hivyo mara saba au nane. Baada ya majuma sita, uwezo wa miili yao kutumia hewa ulikuwa umeongezeka sana. Utafiti huo ulipima pumzi na stamina. Haukuwa utafiti wa kupunguza uzito, na waliopimwa hawakuwa watu wenye vitambi. Muuzaji ameazima jina la jaribio moja ili kuuza kitu kingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu wa kilo 70 akijituma mpaka mwisho kwa dakika nne hutumia takriban kalori 50 au 60. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takriban kalori 150. Wako wanaosema kwamba baada ya zoezi kali mwili huendelea kuunguza kwa saa nyingi. Ni kweli kwamba huendelea, lakini nyongeza hiyo ni ndogo mno, haifikii hata andazi moja.

Naye muuzaji wa mwendo wa pole ana ukweli nusu. Tunapotembea taratibu, sehemu kubwa zaidi ya nishati tunayotumia hutoka kwenye mafuta. Lakini uzito hauamuliwi na kilichoungua ndani ya saa ile moja. Huamuliwa na jumla ya kilichoingia na kilichotoka kwa siku na kwa majuma. Mtu yule yule wa kilo 70 akitembea kwa haraka nusu saa hutumia takriban kalori 150. Ni ile ile soda.

Mwaka 2017 yalichapishwa mapitio ya tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi mbili kwa watu wenye uzito uliozidi. Mafuta yaliyopungua yalikaribiana, na kiuno kadhalika. Tofauti iliyoonekana ni ya saa: wenye mazoezi makali walitumia muda pungufu kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo anayetuambia kwamba njia yake ndiyo pekee inayopunguza mwili, awe wa kwanza au wa pili, anatupotosha.

Ushahidi unaotufaa zaidi, hata hivyo, hautoki mbali. Ndugu zetu Wahadzabe, waishio kandokando ya Ziwa Eyasi, huchimba mizizi, huwinda na hurina asali. Wanaume wao hutembea takriban kilomita 11 kwa siku, na wanawake takriban sita. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo miili yao hutumia kwa siku. Wengi walitarajia kukuta Wahadzabe wakitumia nishati nyingi kupita watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, haikuwa hivyo, walilingana. Yaelekea mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya kiasi cha ubanaji huo, ila fundisho kwa mnunuzi liko wazi: wembamba wa Wahadzabe hauwezi kuelezwa kwa miguu peke yake. Chakula chao kina sehemu kubwa katika jambo hilo, na hakuna jimu inayoweza kutuuzia chakula hicho kwa malipo ya mwezi.

Hatusemi kwamba mazoezi ni kazi bure. Hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kuitawala sukari, huimarisha moyo, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudie uzito wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa hayo. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, hayo ni makali.

Basi nani achague lipi? Mkulima anayeshika jembe tangu mvua za Desemba amekwisha kutimiza dakika zake shambani, wala hana deni kwa mtu. Kiangazi kinapoingia na jembe likaegeshwa, ndipo mwili wake unapobadilika, naye hula kama wakati wa palizi. Mwenye duka, mwalimu, mtumishi wa ofisi za Chamwino na kijana wa bodaboda hukaa mwaka mzima. (Kijana wa bodaboda huchoka jioni na kudhani kwamba amefanya mazoezi, kilichofanya mazoezi ni pikipiki.) Kwa hawa wote sisi tunaona kwamba mwendo mrefu ndio wa kuanzia. Barabara za vijijini ni za bure, na asubuhi kabla ya jua kali na vumbi ni saa njema. Baada ya miezi miwili au mitatu, mwenye haraka na mwenye afya anaweza kuchanganya: akimbie kidogo, atembee, akimbie tena, kama mchakamchaka wa shuleni.

Hapa hatutaki mtu atuelewe vibaya. Mazoezi makali si ya kuanza nayo kwa mtu mwenye umri uliosogea, mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au magoti mabovu, kabla hajaonana na mganga. Presha mara nyingi haina dalili, na mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asijue. Mwalimu wa mazoezi anayepokea fedha zako bila kukuuliza habari za afya yako hafai kukabidhiwa mwili wako. Maumivu ya kifua au kizunguzungu vikikupata katikati ya zoezi, simama. Usikubali kuambiwa ujikaze.

Kuhusu fedha, lipa kwa siku au kwa juma kwanza, hata kama ya mwezi ni nafuu zaidi, mpaka ujue kama utakwenda kweli. Wakazi wa hapa wajumlishe na nauli ya kwenda Dodoma mjini na kurudi kabla ya kusema kwamba bei ni ndogo. Uliza kwa maandishi kama fedha hurudishwa ukiugua. Dai risiti. Lihifadhi tangazo lililokuvuta, kwa sababu Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Mlalamikaji asiye na risiti wala tangazo husaidiwa kwa shida.

Sasa tunapokea maswali. Wenye umri wa miaka 40 na kuendelea ambao hawajawahi kupimwa presha, tunawaomba wafike zahanati juma hili, kabla ya kununua raba.