Intaneti ya Ofisi: Bei na Uhakika



Kila tunapojadili bajeti, fungu la intaneti huwa la kwanza kupunguzwa. Tunaweka profoma tatu mezani, tunachukua ya chini, tunaendelea na ajenda nyingine. Leo tunaomba tukae hapo kidogo.

Mwuzaji akisema huduma yake inapatikana kwa asilimia 99, tunaridhika. Lakini asilimia moja ya saa 8,760 za mwaka ni saa 87 na zaidi, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Kwa asilimia 99.9 hazifiki saa tisa. Saa hizo zikiangukia usiku, hakuna anayejua. Zikiangukia siku ya mwisho ya kutuma taarifa ya robo mwaka, fedha huchelewa, na fundi wa kisima kijijini hungojea malipo yake. Gharama hiyo haimo kwenye profoma.

Wazee walisema rahisi ghali. Ni kweli, ila ghali nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika siku moja, na Tanzania ikasumbuka kwa siku kadhaa. Ofisi iliyolipia kampuni mbili zinazotegemea nyaya hizo ilikuwa na risiti mbili na njia moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tuulize: njia yenu inapita wapi? Ikikatika, mtairudisha kwa saa ngapi, na mkichelewa mtatulipa nini? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Sisi tunapendelea laini moja ya bei ya kati kwa kazi za kila siku, pamoja na modemu ya simu inayowekewa salio inapohitajika tu. Hiyo hutuokoa waya unapokatwa na wachimba barabara. Kwa hitilafu ya baharini haisaidii sana. Hapo dawa ni kutuma taarifa siku mbili kabla, na dawa hiyo ni bure. Tusisahau betri ya ruta, maana mara nyingi kilichokatika ni umeme.

Basi wahisani, mkiona ankara mbili za intaneti katika hesabu zetu za mwaka huu, ya pili ndiyo hiyo modemu. Tunawaomba wajumbe msiifute.