Maswali ya Kiwanja cha Kwanza

(Maneno ya mwanachama wetu, mhasibu, katika mkutano wa mwaka, Dar es Salaam)



Kila tunapokutana, iwe msibani au harusini, mtu hunivuta pembeni: "Mhasibu, nina milioni tano, ninunue kiwanja wapi?" Hakuna anayeniuliza anunue kwa nani. Hata mimi sikuuliza. Mwaka 2009 nililipa milioni tatu kule Chanika, mbele ya mashahidi, kwa mkataba wenye muhuri. Nilipopeleka mchanga nikamkuta mtu anachimba msingi. Mkataba wake ulitoka kwa muuzaji yuleyule, na ulitangulia wangu kwa miezi minane. Mimi, ninayekagua vitabu vya watu!

Kiwanja kilichopimwa kina namba na kitalu. Chukua nakala ya hati, uombe upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata shilingi. Utajua mmiliki ni nani na kama hati imewekwa rehani benki. Kisichopimwa hakimo katika daftari hilo, na vingi tunavyovimudu ni vya namna hiyo. Hapo nenda kwa majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, bila dalali. Uliza halmashauri kama pamepangwa barabara au eneo la wazi. Na kama ni nyumba wanamoishi, mke wa muuzaji awepo: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuiuza bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe.

Wengine huuliza nyumba ya kupangisha itarudisha fedha lini. Tuhesabu. Vyumba vinne umevijenga kwa milioni 40, kila kimoja 60,000 kwa mwezi: ni 2,880,000 kwa mwaka. Lakini wapangaji huhama. Vikikaa vitupu miezi miwili, zinabaki 2,400,000. Toa laki nne za choo kilichojaa, bati linalovuja, rangi, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Zimebaki milioni mbili. Ni miaka 20, ndugu zangu, na sijagusa riba ya mkopo wala kodi ya mapato. Sisemi msijenge, mimi mwenyewe ninazo mbili. Ila ukiambiwa miaka mitano, omba kuona daftari.

Kuuza shamba la nyumbani ili ununue huku? Hilo nalipinga waziwazi. Shamba lile ndilo linalomlisha mama, na wadogo zako wana haki ndani yake. Anza na akiba yako, hata ikikuchelewesha miaka minne.

Nitakuwa karibu na meza ya michango. Mwenye mkataba anaoutilia shaka aje nao tuusome pamoja, akishamalizana na mweka hazina.