Sindano Moja kwa Binti Yako

Leo tutajifunza neno moja: CHANJO. Mwalimu wenu ataliandika ubaoni. Lisomeni pamoja: cha-njo.

Mtoto mchanga huchanjwa kliniki. Lakini binti wa miaka 10 haendi kliniki. Yuko shule. Kwa hiyo muuguzi humfuata huko huko shuleni.

Anakwenda kumkinga na nini? Na saratani ya mlango wa kizazi. Hapa Tanzania hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hiyo. Huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Kirusi hicho hakina haraka. Mara nyingi hupita miaka 15 au 20 kabla saratani haijaonekana. Wakati huo binti yako amekwisha kuwa mama wa watoto.

Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 chanjo ilifikishwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, nayo ikawa sindano moja tu, juu ya mkono.

Labda utauliza, “Mtoto wangu bado mdogo, mbona mapema hivyo?” Umeuliza vema. Chanjo hukinga; haikifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Zizi hufungwa kabla fisi hajaingia.

Wengine husema, “Sindano hiyo huua uzazi.” Si kweli. Fikirini wenyewe: mwanamke akipata saratani hiyo, huenda daktari akalazimika kumtoa kizazi. Basi kinachoharibu uzazi ni ugonjwa, si chanjo. Baada ya sindano mkono huweza kuuma, au mwili ukapata joto kidogo. Hayo hupita kwa siku chache.

Sasa nawapa kazi. Kwanza, mwulizeni mwalimu mkuu siku ya chanjo. Siku hiyo binti ale kabla ya kwenda shule. Pili, kama binti hasomi, mpelekeni zahanati akaulizie chanjo. Tatu, akina mama, ninyi nanyi nendeni hospitali mkapimwe, maana saratani hiyo ikionekana mapema hutibika.

Mwisho, andikeni sentensi hii katika madaftari yenu: “Binti yangu atachanjwa.” Jioni isomeni nyumbani kwa sauti, ili baba asikie, na bibi naye asikie.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.