Risiti Tatu za Miwani



Mimi ni mhasibu. Macho si fani yangu, fani yangu ni risiti. Mtoto wa dada yangu, akiwa sekondari, alinunuliwa miwani mara tatu ndani ya miezi 18, na mlipaji ni mimi. Nilipozipanga risiti mezani nikaona namba za lenzi zinapanda kila mara, hasa jicho la kulia. Bado akasema taa anaiona ina mkia. Tulidhani anategea shule.

Daktari bingwa alimkalisha mbele ya mashine inayopeleka mwanga hafifu hadi nyuma ya jicho. Mwanga ukirudi hupita kwenye lenzi ndogondogo nyingi, kila moja ikitoa nukta yake. Jicho likiwa zima, nukta hukaa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Za kijana wetu zilikuwa zimesogea. Kompyuta ikatenganisha kasoro ambayo miwani huirekebisha na ile isiyorekebishika kwa miwani ya kawaida, yaani ule mkia. Hapo daktari akashuku keratokonasi: konea, kioo cha mbele cha jicho, inakuwa nyembamba na kuchomoza mfano wa pia. Akaipima konea umbo na unene, akathibitisha.

Mbinu ya nukta ilianza kwa Mjerumani Johannes Hartmann, mwaka 1900, akikagua darubini za nyota. Mwaka 1994 wataalamu wa Heidelberg wakaonyesha inavyopima jicho la mtu.

Ugonjwa ukiwahiwa, matone ya vitamini B2 pamoja na miale ya urujuanimno huikaza konea isiendelee kuchomoza. Jicho la kulia tulichelewa. La kushoto limewahiwa.

Sasa hesabu. Sipendekezi tununue mashine ile. Bila mtaalamu wa kuisoma, kwetu itafunikwa kitambaa. Kuna kifaa cha mkononi, retinoskopu. Mpimaji akimulika mboni ya jicho lenye ugonjwa huu, mara nyingi huona mwanga ukifunguka na kufunga kama mkasi. Hicho tunakimudu. Fedha ya leo inunue hicho, imlete mpimaji kwenye sekondari zetu, na ilipe nauli ya kwenda Moshi kwa kila mtoto atakayeshukiwa, pamoja na mzazi wake.

Na wazazi wenzangu, mtoto anayefikicha macho kwa mzio msimkaripie tu, mpelekeni apate dawa. Kufikicha sana huidhuru konea.

Naanza mimi, kwa jumla ya zile risiti tatu. Mweka hazina, andika.